Matairi na rimu za gari la haibridi: Mambo ya kupima kabla ya kutoa pesa

Magari ya haibridi, yaani yale yanayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, si kitu kigeni tena hapa Pwani. Aqua, Prius, Fit na Vezel zimejaa barabarani kuanzia Likoni hadi Malindi, na wengi wa wanaozinunua, hasa madereva wa teksi, wana shabaha moja: kupunguza gharama ya mafuta. Hesabu hiyo huanza kuharibika siku matairi ya kwanza yanapokwisha na mwenye gari akachukua yoyote yaliyo rahisi dukani. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na katika matairi upishi ukivunjika hupotea pesa, na wakati mwingine roho.

Kwa nini haibridi ina mahitaji yake

Gari la haibridi huokoa mafuta kwa njia mbili. Kwanza, huteleza kwa wepesi injini ikiwa imezimwa. Pili, ukikanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ndiyo maana watengenezaji huyafunga matairi mepesi, membamba kiasi, yasiyong'ang'ania barabara kupita haja. Ukiweka tairi pana na rimu nzito, kila unapoondoka kwenye foleni ya Changamwe gari linatumia nguvu zaidi kuyazungusha magurudumu, na faida uliyoinunua inapungua.

Katika magari haya manne, mengi huvutwa na magurudumu ya mbele. Hayo ndiyo yanayovuta, yanayokata kona na yanayobeba sehemu kubwa ya breki, kwa hiyo matairi yake huisha mapema. Yabadilishane na ya nyuma kila baada ya kilomita 10,000 hivi.

Soma namba kwanza

Fungua mlango wa dereva. Kwenye fremu yake kuna kibandiko chenye saizi ya tairi na kiasi cha upepo. Aqua nyingi hutumia 175/65R15 84S. Maana yake ni hii: upana wa tairi ni milimita 175; kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo; rimu ni ya inchi 15; namba 84 inaonyesha tairi moja linaweza kubeba kilo 500; na herufi S ni kikomo cha mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Usikubali tairi lenye namba ya uzito iliyo chini ya ile ya asili, hata ukiambiwa linaingia vizuri.

Wengi huweka 185/65R15 ili gari liinuke na lisikwaruze matuta. Piga hesabu. Tairi la asili lina kimo cha milimita 608.5, na hilo jingine lina 621.5. Gari litainuka nusu ya tofauti hiyo tu, yaani milimita 6.5. Kwa upande mwingine, spidomita ikionyesha 80 utakuwa unakwenda karibu 82. Tofauti hiyo ni takriban asilimia 2, na mafundi wengi hawapendi ipite asilimia 3. Kabla ya kulipa, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili uone kama tairi linagusa bodi. Na usichanganye saizi katika magurudumu manne: mfumo wa breki husoma mzunguko wa kila gurudumu, na taa za onyo zinaweza kuwaka.

Rimu: idadi ya nati haitoshi

Prius nyingi na Vezel zina nati tano, lakini mara nyingi rimu zake haziingiliani. Duara linalopita katikati ya matundu ya nati lina kipenyo cha milimita 100 kwenye Prius nyingi, na milimita 114.3 kwenye Vezel. Aqua na Fit zote zina nati nne kwenye duara la milimita 100, lakini tundu la katikati la rimu ni milimita 54.1 kwa Aqua na 56.1 kwa Fit. Kwa hiyo rimu ya asili ya Aqua haiwezi kukaa kwenye Fit. Ile ya Fit huingia kwenye Aqua, ila huacha nafasi katikati inayohitaji pete ya kuijaza, la sivyo usukani unaweza kutetemeka ukishika kasi.

Nati nazo ziangaliwe. Nati za asili za Honda zina kikalio cha mviringo, ilhali rimu nyingi za kununua kando huhitaji nati zenye kikalio cha pembe. Nati isiyokaa sawasawa hulegea njiani. Baada ya kufunga rimu mpya, ikaze tena ukishatembea kilomita 50 hadi 100.

Umri na asili ya tairi

Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno marefu na huku mpira wake umeshakauka. Pinda ubavu uone kama kuna nyufa, na ukiziona liache.

Lipo jingine linalowapata wengi. Baadhi ya magari na matairi kutoka Japani huja na matairi ya theluji, yenye neno STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini kwa makusudi ili ushike barafu. Kwenye lami ya moto ya Mombasa huisha haraka, na gari hulegalega kwenye kona. Bei yake huvutia, lakini si matairi ya huku.

Ukipata tairi jipya la Japani lenye lebo, daraja la wepesi wa kuzunguka huanzia AAA hadi C, na la kushika barabara yenye maji huanzia a hadi d. Usitazame la kwanza peke yake. Mvua za masika zikianza, ni hilo la pili litakalokusimamisha.

Upepo, chumvi na speya

Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Kibandiko kikisema 220 kPa, hiyo ni karibu 32 kwa kipimo cha psi kinachotumika vituoni. Upepo ukipungua, tairi hupata moto, mafuta huliwa, na safari ndefu ya kuelekea Voi huwa ya hatari. Wakazi wa ufuoni waoshe rimu kwa maji baridi mara kwa mara, kwani chumvi hula kingo zake na upepo ukaanza kuvuja polepole. Meno yakifikia vialama vya milimita 1.6 vilivyo ndani ya mifereji, tairi limekwisha.

Mwisho, tazama buti. Aqua nyingi huja na dawa ya pancha na pampu ndogo badala ya speya. Dawa hiyo haizibi ubavu uliopasuka. Kama pesa hazitoshi rimu za mapambo na speya kwa pamoja, nunua speya.