Magadi, Eno na Tumbo la River Road

Shinda tao siku nzima na chai tupu, kula chipsi saa nne usiku, lala. Saa nane utaamshwa na moto kifuani. Anko wangu aliuita moto huo "alsa", kama Wanairobi wengi wanavyouita, lakini alsa ni kidonda cha tumbo. Huu moto wa kupanda una jina lake: kiungulia. Ni asidi ya tumbo inayorudi juu kwenye njia ya chakula.

Anko ni fundi wa nguo. Kibanda chake kiko juu ya ngazi nyembamba kwenye jengo moja la River Road, na kwa miaka mingi aliweka mkebe wa magadi karibu na cherehani. Kijiko nusu, maji vuguvugu, anakunywa, anabeua, anarudi kazini. "Mimi dawa za wazungu sitaki," aliniambia. "Natumia vitu vya udongo wetu."

Maneno hayo ndiyo yalinifanya nifuatilie huo udongo.

Magadi hutoka Ziwa Magadi, Kajiado, kilomita kama 100 kusini-magharibi mwa Nairobi. Chemchemi za moto huleta maji yenye soda, jua kali linayakausha, linabaki tabaka gumu jeupe. Wafugaji Wamaasai waliijua soda hiyo kabla ya reli, na kina cucu wetu wakaitia kwenye githeri na mboga za kienyeji ili ziive haraka. Ndani yake kuna kaboneti na baikaboneti ya sodiamu. Zikikutana na asidi tumboni, zinaizima na kutoa gesi. Ndio maana anko alikuwa anabeua.

Lakini mikataba ya 1904 na 1911 iliwaondoa Wamaasai kwenye sehemu kubwa ya ardhi yao, na mwaka huo huo wa 1911 kampuni ya Magadi Soda ikaanzishwa. Reli ya tawi ikajengwa kutoka Konza hadi ziwani. Soda ilianza kusafirishwa ng'ambo, kwa viwanda kama vya kutengeneza vioo. Leo kiwanda hicho ni cha Tata, kampuni ya Kihindi. Udongo wetu, sawa, lakini risiti iko kwa mwingine.

Sasa shuka ngazi uingie duka lolote la River Road uulize Eno. Hiyo ndiyo anko aliita dawa ya wazungu, na kweli mwanzo wake ni Uingereza: James Crossley Eno, muuza dawa wa Newcastle, alianza kuuza unga wake wa povu katika karne ya 19, mji wa bandari uliojaa mabaharia. Ndani ya pakiti kuna nini? Baikaboneti ya sodiamu, kaboneti ya sodiamu na asidi ya limau. Yaani karibu ile ile soda ya mkebe wa anko, imeongezwa uchachu.

Na kuna kichekesho zaidi. Huko India, viungo vya Eno huandikwa kwenye pakiti kwa majina ya Kisanskriti, kama dawa ya jadi ya Ayurveda. Unga ule ule ni wa kizungu ukiwa Nairobi na wa asili ukiwa Mumbai. Tumbo halijui tofauti hiyo.

Basi mstari kati ya "asili" na "hospitali" ulichorwa na nani? Sehemu yake ilichorwa na sheria. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Uchawi. Ililenga uchawi, lakini mtu wa mitishamba naye akajikuta anatazamwa kwa jicho lile lile. Ikabidi maarifa mengi yapitishwe chini kwa chini, bila kuandikwa, bila kupimwa. Mpaka mkutano wa Alma-Ata, 1978, ndipo nchi za dunia zilikubaliana kwamba waganga wa jadi wanaweza kuwa na nafasi katika afya ya msingi. Mwaka uliofuata Kenya ikaanzisha KEMRI, ambayo baadaye ilikuwa na kituo chake cha kuchunguza dawa za jadi.

Kwa hivyo anko aliposema hataki dawa za wazungu, hakuwa anazungumzia kemia. Alikuwa anazungumzia kumbukumbu ya kudharauliwa. Hiyo naielewa. Shida ni kwamba kumbukumbu haipimi damu.

Mwaka juzi alianza kupata choo cheusi kama lami. Alinyamaza wiki mbili, akiongeza magadi. Tulimfikisha hospitali akiwa hawezi kupanda ngazi. Daktari akamuuliza, "Mzee, unatumia dawa gani?" Akajibu, "Hakuna." Kumbe kwenye mfuko wa koti alikuwa na vidonge vya maumivu ya mgongo, vile vya kununua kimoja kimoja, amevimeza karibu kila siku kwa miaka. Dawa za aina hiyo huweza kuchubua tumbo mpaka litoe damu. Sasa alsa ilikuwa alsa kweli, na magadi yalikuwa yanaizimia kengele. Presha nayo ilikuwa juu, na kijiko cha sodiamu kila siku hakikuwa kinaisaidia.

Alipewa vidonge vya kupunguza asidi, akaachishwa vile vya mgongo. Lakini kwa kile kiungulia cha usiku, daktari alimwambia kitu ambacho hakiuzwi popote: kula mapema, masaa matatu kabla ya kulala, kidogo kidogo, na uinue kichwa cha kitanda. Tuliweka matofali mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa. Kula mapema ndio kumekuwa kugumu, kwa sababu wateja wa River Road huja jioni wakitoka job. Siku hizi anafunga cherehani saa kumi na mbili na nusu, anakula, halafu anafungua tena.

Kama chakula kinakwama ukimeza, unakonda bila sababu, unatapika damu au choo ni cheusi, usibishane na mtu kuhusu asili. Nenda upimwe, na ubebe kila unachomeza, cha mkebe na cha pakiti, ukionyeshe.

Mkebe wa anko bado uko, lakini umehamia jikoni kwa shangazi. Anasema maharagwe hayana presha.