Kabla ya vidonge kulikuwa na sifa

Siku hizi nikifungua simu tu, kuna mtu ananiuzia vidonge vya mafuta ya samaki. Ati vinazibua mishipa ya moyo. Sasa sisi wa Malindi na Kilifi ndio wa kuuziwa samaki ndani ya chupa? Hebu turudi nyuma kidogo.

Pwani mafuta ya samaki yapo tangu zamani. Yanaitwa sifa, yanatoka kwenye ini la papa, na kazi yake ilikuwa kupaka mbao za jahazi. Harufu yake usiulize! Habari ya moyo haikuwemo.

Ya moyo yalianzia maabara. Mwaka 1913 huko Urusi, Nikolai Anitschkow aliwalisha sungura kolesteroli, mishipa yao ikajaa mafuta. Mwaka 1986 watafiti Marekani wakalisha nguruwe chakula cha mafuta mengi, baadhi wakaongezewa mafuta ya ini la samaki. Baada ya miezi 8, hao mishipa yao ya moyo ilikuwa imeziba kidogo kuliko ya wenzao. Lakini sikia vizuri: kupunguza kuziba si sawa na kuzibua kilichoziba. Wauzaji hapo ndipo wanapotuchezea.

Na ushahidi wa binadamu uko hapa jirani. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapa utafiti wa Lugalawa, kusini mwa Tanzania. Watu 622 wa kando ya Ziwa Nyasa, waliokula samaki gramu 300 hadi 600 kwa siku, walilinganishwa na 686 wa vijiji vya kula mboga na nafaka. Presha ya wala samaki ilikuwa wastani wa 123/72, wenzao 133/76. Mafuta mabaya ya damu pia yalikuwa chini. Hicho kilikuwa chakula cha kila siku, si kidonge.

Vidonge navyo vilipimwa. Utafiti wa VITAL wa Marekani, 2018, watu 25,871: havikupunguza kwa kiasi cha kuaminika jumla ya mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: hiyo pesa ya chupa nunua vibua au simu, samaki wadogo wenye mafuta hayohayo. Tatizo letu vijana ni kwamba tumewaacha sokoni, jioni tunapanga foleni ya chipsi, halafu tunatafuta bahari dukani.