Kabla ya Homoni Kulikuwa na Ngozi

Katika malisho ya Wamasai, pamoja na yale ya tambarare za chini ya Mlima Meru, kuna desturi ya kumfunga kondoo dume kipande cha ngozi tumboni, kikaning'inia mbele ya uume. Dume huyo hatengwi. Anachungwa na majike, analala nao zizini, hata kuwapanda anawapanda. Mimba tu ndiyo haipatikani.

Hesabu yake ni ya mvua. Kondoo hubeba mimba takriban siku 150. Ngozi ikivuliwa katikati ya Oktoba, wana wa kwanza huzaliwa katikati ya Machi, masika inapobisha hodi, na mama zao hupata majani mabichi ya kutia maziwa. Tena jike asiye na mimba huingia joto kila baada ya siku 17 hivi, kwa hiyo ndani ya wiki tatu sehemu kubwa ya kundi huwa imepandwa. Wazee walilinganisha uzazi bila sindano.

Ulaya hesabu ilikuwa ya mwanga. Kondoo wengi wa huko huingia joto siku zinapofupika kuelekea baridi, na nje ya msimu huo dume hana kazi. Arusha, nyuzi tatu na ushei tu kusini mwa ikweta, urefu wa siku haubadiliki sana, na kondoo wa kienyeji hushika mimba mwezi wowote. Si ajabu basi kwamba homoni za kuwaingiza kondoo joto zilitafutwa mbali na hapa. Mwaka 1930 watafiti Cole na Hart, huko California, waligundua kuwa damu ya farasi mwenye mimba ina homoni inayokomaza mayai. Katikati ya miaka ya 1960, mtafiti T. J. Robinson wa Sydney akaleta sifongo iliyolowekwa homoni: hukaa ukeni siku 12 hadi 14, ikitolewa jike huchomwa ile homoni ya farasi, na baada ya siku mbili hivi kundi zima liko kwenye joto.

Kundi la namna hiyo huweza kuhimilishwa kwa pamoja, yaani kutiwa mbegu kwa mrija bila dume. Usa River, chini ya Meru, kipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, kinachojulikana zaidi kwa mbegu za ng'ombe. Kondoo ni mtihani mwingine. Mlango wake wa kizazi ni mwembamba na umejipinda, mrija haupiti kirahisi, na mbegu zilizogandishwa hushika vizuri zikifikishwa kwenye kizazi kwa kutoboa tumbo. Hiyo ni kazi ya daktari mwenye vifaa vya bei.

Kwa mfugaji mwenye majike 50 na dume mmoja aliyemnunua kwa shida, labda Dorper wa asili ya Afrika Kusini, sifongo bila uhimilishaji ni hasara: majike wote wakiingia joto siku moja, dume mmoja hawamalizi. Kwake yeye, ngozi bado ndiyo teknolojia bora.