Uzi Katika Jicho
Ukiwauliza wazee wa Bariadi wenye chamba cha jicho tangu utotoni, wengi watakutajia surua. Mwaka 1987 Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha uchunguzi wa watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda vya konea, yaani ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Zaidi ya theluthi moja walikuwa wametoka kuugua surua. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe, na pengine hapo tiba ni kupandikiza konea ya marehemu.

Upasuaji huo una umri wake. Eduard Zirm aliufanya mjini Olomouc tarehe 7 Desemba 1905, kwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa, na jicho moja likaona. Wasimuliaji wengi huishia hapo, bendeji inapofunguliwa. Kwangu mimi ndipo kazi inapoanza.

Siku hizi konea hushonwa kwa nailoni nyembamba kuliko unywele, mara nyingi mishono 16. Sisi tunaoshona magunia ya pamba twajua kwamba uzi mmoja ukivutwa kupita kiasi, kitambaa chote hukunjamana. Konea nayo hupinda, ikawa na umbo la yai badala ya mpira, na nuru hushindwa kukutana mahali pamoja. Hiyo ndiyo astigimatizimu. Thomas Young aliieleza mwaka 1801 kwa kuchunguza jicho lake mwenyewe. Mwanafalaki George Airy akabuni lenzi ya kurekebisha la kwake mwaka 1825. (Wote wawili hawakuwa wameshonwa chochote, walizaliwa hivyo au ilijitokeza yenyewe.)

Aliyepandikizwa hupimwa mpindo, hutolewa mshono unaovuta, husubiri, hupimwa tena. Nyuzi nyingine hukaa mwaka na zaidi. Kisha huja miwani, au lenzi ngumu inayovaliwa juu ya jicho. Zikishindikana, daktari hukata kidogo ili kulegeza. Uzi ukikatika wenyewe, jicho huwasha na kuwa jekundu, wala si jambo la kungojea wiki ijayo.

Kutoka Bariadi safari ni basi la Lamadi, Magu, hadi Mwanza, na mara nyingine mbali zaidi. Namjua mkulima aliyehudhuria mara mbili tu, kisha palizi ikamshika. Kovu limeondoka. Siku ya kuuza pamba anaiona mizani vizuri, ila tarakimu humsomea mwanawe.