Tangazo Linalosubiri Kufuatwa: Vyuo Vikuu vya Burundi, Tovuti, na Wanafunzi wa Gitega na Muyinga

Utangulizi

Kijana anayemaliza shule ya sekondari Muyinga huwa na maswali matatu kuhusu chuo kikuu: ni chuo gani kitampokea, ada ni kiasi gani, na siku ya mwisho ya kujiandikisha ni ipi. Siku hizi majibu ya maswali hayo huwekwa kwenye tovuti ya chuo. Watu wengi husema kwamba tovuti imemletea mwanafunzi wa mkoani chuo kikuu hadi mlangoni. Katika insha hii nitaonyesha kwamba historia yenyewe si nyepesi hivyo. Nitafuata njia ambazo vyuo vikuu vya Burundi vimetumia kufikisha habari zao Gitega na Muyinga, kuanzia ubao wa matangazo, kupitia redio, hadi tovuti. Hoja yangu ni kwamba tovuti, pamoja na upya wake wote, inafanana na ubao kuliko inavyofanana na redio. Redio humfuata mtu alipo. Ubao na tovuti husubiri kufuatwa.

Chuo kimoja katika mji mmoja

Elimu ya juu nchini Burundi ilijengwa Bujumbura. Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura kilianzishwa mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, na Kanisa Katoliki lilikuwa na mchango mkubwa katika kuzaliwa kwake. Mwaka 1973 kiliunganishwa na shule ya juu ya ualimu pamoja na shule ya taifa ya utawala, na mwaka 1977 kikapewa jina la Chuo Kikuu cha Burundi. Kwa zaidi ya miaka thelathini hapakuwa na chuo kikuu kingine nchini. Mtu wa Gitega alikuwa na safari ya takriban kilomita 100 kufika huko. Mtu wa Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, alikuwa na karibu kilomita 200.

Katika hali hiyo chuo hakikuwa na sababu ya kujitangaza. Nafasi zilikuwa chache na waliozitaka walikuwa wengi. Karatasi iliyobandikwa ukutani ilitosha. Aliyetaka kuisoma alipanda gari, au alimtuma ndugu aliyekuwa Bujumbura. Gharama ya habari ilimwangukia msomaji, na aliyekaa mbali zaidi ndiye aliyelipa zaidi.

Redio ilipunguza gharama hiyo. Redio ya taifa ilianza mwaka 1960, na imekuwa ikitangaza kwa Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili pia kina nafasi yake. Tangazo lililosomwa Bujumbura lilisikika Gitega na Muyinga kwa dakika ileile. Redio moja ilitosha watu wengi, na hata asiyejua kusoma aliweza kumwambia mtoto wa jirani kwamba jambo lake limetajwa. Redio nayo ilikuwa na kasoro. Tangazo likishapita limepita, na aliyekuwa shambani saa hiyo alibaki kuuliza wengine walisikia nini.

Vita, vikwazo na vyuo vipya

Vita vilivyoanza Oktoba 1993 baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye viliingia hadi ndani ya chuo kikuu. Mwezi Juni 1995 wanafunzi waliuawa katika kampasi ya Mutanga, Bujumbura. Hatuwezi kuandika historia ya mawasiliano kati ya chuo na mikoa tukaliruka jambo hilo. Kwa familia nyingi swali la kwanza halikuwa tena siku ya kujiandikisha. Swali lilikuwa kama mtoto anaweza kwenda na kurudi salama.

Mwaka 1996 una jambo la kushangaza. Mwezi Julai Pierre Buyoya alichukua madaraka kwa mapinduzi, na nchi jirani zikaiwekea Burundi vikwazo vya uchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Mpaka wa Kobero, ambao ni mlango wa Muyinga kuelekea Tanzania, ulikuwa miongoni mwa milango iliyoguswa na vikwazo hivyo. Katika mwaka huohuo, mwezi Oktoba, kikoa cha .bi kilisajiliwa, yaani herufi zinazomalizia anwani za tovuti za Burundi. Milango ya barabara ilikuwa inafungwa wakati mlango wa intaneti unafunguliwa, ingawa ni watu wachache sana walioweza kuupita wakati ule.

Baada ya hapo idadi ya vyuo ilianza kuongezeka. Chuo Kikuu cha Ngozi kilianzishwa mwaka 1999, kaskazini mwa nchi. Hope Africa University, iliyozaliwa Nairobi mwaka 2000, ilihamia Bujumbura mwaka 2003. Vingine vya binafsi vilifuata, na Gitega nayo ikapata Chuo Kikuu cha Politekniki cha Gitega. Ni hapa ndipo tovuti ilipoanza kupata kazi. Chuo cha serikali kilipokea wanafunzi waliopangwa na serikali, lakini chuo cha binafsi huishi kwa ada. Kisipopata wanafunzi, wahadhiri hawalipwi. Kwa hiyo chuo kililazimika kuwatafuta watu, kuwaonyesha vitivo vyake na majengo yake, na kuwaaminisha wazazi kwamba shahada yake inatambuliwa. Tovuti ikawa kama mbele ya duka, mahali pa kupanga bidhaa ili mpita njia azione.

Mkongo unafika, bando halitoshi

Tovuti bila intaneti ni barua isiyotumwa. Hadi mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea sana satelaiti, ambayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka huo mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika pwani yetu, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Burundi haina bahari, hivyo ilibidi isubiri nyaya zivuke nchi za jirani. Katika miaka ya 2010 mkongo wa taifa, uliojengwa na kampuni za simu kwa msaada wa Benki ya Dunia, uliunganisha miji ya mikoani.

Hata hivyo, mkongo kupita mjini si sawa na intaneti kufika nyumbani. Ni takriban mtu 1 kati ya 10 nchini Burundi mwenye umeme. Mwanafunzi wa kijijini huchaji simu kwa kulipa kwenye kibanda, kisha hununua bando, kisha hufungua ukurasa wenye picha kubwa za majengo ambazo humaliza bando kabla tangazo halijaonekana. Kwa maneno mengine, gharama ya habari imemrudia msomaji kama enzi za ubao. Nauli ya gari imekuwa bei ya bando.

Watu wa Muyinga wamejitengenezea njia yao. Mmoja mwenye simu nzuri hufungua tovuti, hupiga picha ya skrini, na kuisambaza kwa WhatsApp. Mimi nilipata habari za kujiandikisha kwa njia hiyo. Picha ilikuwa imepita kwenye simu nyingi hata maandishi yakawa na ukungu, na sehemu ya chini ilikuwa imekatwa. Kwenye sehemu hiyo ndipo palipoandikwa tarehe ya mwisho. Wenzangu wawili walidhani muda bado upo. Walipofika na karatasi zao waliambiwa dirisha limefungwa, na walipoteza mwaka mzima. Chuo hakikuwa kimeficha kitu, kwani tarehe ilikuwa kwenye tovuti muda wote. Lakini kuweka habari mahali si sawa na kuifikisha.

Gitega iko tofauti kidogo. Tangu mwaka 2019 ndiyo mji mkuu wa kisiasa wa nchi, na Chuo Kikuu cha Burundi kina kampasi yake ya Zege huko. Anayekosa kuelewa tangazo anaweza kutembea hadi ofisini akauliza. Hivyo tovuti ileile moja humhudumia vizuri zaidi mtu ambaye hakuihitaji sana, na humpa shida yule aliyeitegemea zaidi.

Kufundisha kwa tovuti

Matumizi ya pili ya tovuti ni kufundisha. Afrika Mashariki ina historia ya kutosha katika jambo hili. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilizoea kuwafundisha watu walio mbali kabla tovuti hazijaenea. Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, ambacho kilianza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia na baadaye kikahamia Nairobi, kilianza kwa kurusha masomo kwa satelaiti, kisha kikaweka moduli zake kwenye intaneti kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Programu ya Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, haina malipo ya leseni, na vyuo vingi vya ukanda wetu viliichukua.

Kwa nini basi ufundishaji wa mtandaoni ulisogea haraka zaidi Kenya na Tanzania kuliko Burundi? Umeme na bei ya bando ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni mwaka 2020. Wakati wa Covid-19 Kenya na Tanzania zilifunga shule na vyuo, na wahadhiri wakalazimika kutafuta namna ya kufundisha kwa mbali. Burundi haikufunga shule zake kama majirani. Mwanafunzi wa Burundi hakukosa darasa, na hilo lilikuwa jema kwake, lakini chuo chake hakikusukumwa na dharura ile. Historia huwa hivyo mara nyingi: chombo kipo, ila hakitumiki mpaka watu wabanwe.

Lugha ya tovuti na lugha ya msomaji

Matumizi ya tatu ni kuifikia jamii isiyosoma chuoni. Hapa tatizo kubwa ni lugha. Tovuti za vyuo vyetu huandikwa zaidi kwa Kifaransa, na sehemu nyingine kwa Kiingereza. Mzazi wa Muyinga, ambaye ndiye mlipa ada, huzungumza Kirundi, na wengi sokoni huzungumza Kiswahili kwa sababu ya biashara na Tanzania. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kinafundishwa shuleni. Ni ajabu kwamba redio ya miaka mingi iliyopita ilijua kusema na mzazi huyo kuliko tovuti ya leo.

Muyinga yenyewe ina mfano mzuri wa kuwafikia watu. Mwaka 2012 ilijengwa maktaba mjini humo kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, kwa ushirikiano wa wasanifu wa BC kutoka Brussels, shirika la wenyeji na mafundi wa hapohapo. Ilikusudiwa kuwa sehemu ya shule ya watoto viziwi. Ndani yake kuna wavu mkubwa wa kamba za katani ambao watoto hulalia wakisoma. Maktaba hiyo inatufundisha kwamba jengo la maarifa hupendwa likijengwa kwa udongo wa mahali lilipo. Tovuti nayo ina udongo wake, nao ni lugha.

Kumbukumbu zinazofutika

Kuna hasara nyingine ambayo mwanafunzi wa historia anaiona mapema. Tangazo la karatasi likishapita hubaki kwenye faili, hata kama panya watalitafuna pembeni. Tangazo la tovuti hufutwa ili lipishe jipya. Tovuti ikibadilishwa sura, kurasa za zamani hupotea zote kwa pamoja, pamoja na majina ya kozi, ada za miaka iliyopita na orodha za waliohitimu. Internet Archive ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1996, huhifadhi nakala za tovuti za dunia nzima na ilizifungua kwa umma mwaka 2001, lakini si kila ukurasa wa nchi ndogo unaokutwa humo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nchi iliyopoteza watu na nyaraka nyingi kwa vita haipaswi kupoteza kumbukumbu za wakati wa amani kwa sababu tu hakuna aliyebonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba ubao ulimtaka mwanafunzi asafiri, redio ilisafiri kwa niaba yake, na tovuti imemrudisha safarini kwa namna nyingine. Sisemi kwamba tovuti ni mbaya. Inakaa wazi usiku na mchana, inasomeka mara mbili, na haitegemei mtu kuwa nyumbani saa ya tangazo. Ninachosema ni kwamba haikuja kuondoa njia zilizoitangulia. Chuo kinachotaka wanafunzi wa Muyinga kingeweka tangazo kwenye tovuti, kikalisoma redioni kwa Kirundi na Kiswahili, na kikatuma karatasi moja kwenye kila ofisi ya komini. Kwenye tovuti kingeandika tarehe ya mwisho juu kabisa, kwa herufi kubwa, bila picha, ili hata ikikatwa kwenye simu ya kumi isipotee. Na kabla ya kufuta tangazo la mwaka uliopita, mtu mmoja angelichapisha na kuliweka kwenye faili. Kazi hizo ni ndogo na hazihitaji mkongo mpya. Wenzangu wawili waliopoteza mwaka wangetosheka na ile ya tarehe peke yake.