Gesi Isiyopenda Maji

Pembezoni mwa mji wa Goma, nchini Kongo, yako mashimo ambamo mbuzi akishuka hapandi tena. Wenyeji wanayaita mazuku. Hewa ukaa hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hutuama humo na kuua kimyakimya. Hapo jirani, Ziwa Kivu limebeba gesi hiyohiyo: kilomita za ujazo zipatazo 300, pamoja na methani kama kilomita za ujazo 60, zote zikiwa zimeyeyuka majini.

Katika miaka ya 1930 mtafiti Mbelgiji Hubert Damas alipima ziwa hilo akakuta kwamba kadiri unavyoshuka ndivyo maji yanavyozidi joto na chumvi. Chumvi huyafanya maji ya chini kuwa mazito, hivyo hayapandi. Gesi nayo hubanwa huko.

Namna inavyobanwa ilikuwa imeshaelezwa mwaka 1803 na William Henry wa Manchester, Uingereza: gesi huyeyuka majini kulingana na mgandamizo wake. Kwenye kina cha mita 400 mgandamizo hufika mara 40 ya ule wa juu. Uondoe, na gesi itafumka.

Henry hakueleza kwa nini gesi nyingine hukubaliwa na maji na nyingine hukataliwa. Kwa mgandamizo uleule, hewa ukaa huyeyuka zaidi ya mara ishirini kuliko methani. Na hapa pana fumbo ninalolipenda kuliko yote: methani ikiingia majini hutoa joto. Jambo linalotoa joto kwa kawaida hujiendea lenyewe, sasa mbona maji yanaisukuma nje? Mwaka 1945 Henry Frank na Marjorie Evans walijibu kwamba bei hailipwi kwa joto, inalipwa kwa uhuru. Molekuli za maji zinazoizunguka methani hulazimika kujipanga, mithili ya barafu ndogo, na uhuru zinaoupoteza ni ghali kuliko joto linalopatikana. Vipimo vya baadaye havikuiona barafu hiyo, lakini hesabu ya uhuru uliopotea imesimama hadi leo.

Ukaidi huo wa methani ndio uliowapa watu njia. Tangu 1963, huko Rubona karibu na Gisenyi, Rwanda, maji ya kilindini yalipandishwa kwa bomba na gesi yake ikapelekwa kwenye kiwanda cha bia. Yakipanda, mgandamizo hupungua na mapovu hutoka. Kisha gesi huoshwa kwa maji. Hewa ukaa hubaki majini, methani hupita. Mtambo wa KivuWatt, ufukweni mwa Karongi nchini Rwanda, hufua megawati 26 kwa kanuni hiyohiyo.

Gesi iliyobanwa hivyo yaweza pia kuua: tarehe 21 Agosti 1986 hewa ukaa ilifumka usiku kutoka Ziwa Nyos la Kameruni, na watu zaidi ya 1,700 wakafa. Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos, na ufukweni mwake wanaishi zaidi ya milioni mbili, upande wa Kongo na wa Rwanda. Gesi ivunwe, kwa maana kila inayotoka salama inapunguza hatari. Lakini maji yaliyokwisha kutolewa gesi yarudishwe kwa kina kinachofaa, tabaka za ziwa zisivurugwe, na serikali zote mbili zisome vipimo vilevile.