Usiku wa pwani: Burudani na sherehe kutoka Mtwapa hadi Malindi

WAGENI kutoka Ulaya huiita miezi ya Julai na Agosti kiangazi. Katika pwani ya Kilifi, hiyo ni miezi ya kusi: upepo huwa mkali, bahari huchafuka, mwani hutapakaa ufuoni na usiku huwa na ubaridi kidogo. Hata hivyo, ndipo Waitaliano wanapomiminika Malindi, kwa kuwa Agosti ni mwezi wa likizo kwao. Msimu mkubwa zaidi huanza Desemba, kaskazi ikivuma, hadi Machi. Mvua za masika zinapoanza Aprili, hoteli nyingi hufunga milango kwa miezi miwili au mitatu.

Kalenda hiyo ndiyo huamua nani atalipwa mshahara. Mpishi, bawabu, mcheza ngoma, dereva wa tuktuk na mama anayeuza viazi karai nje ya klabu huchuma katika miezi ya wageni, kisha hujibana hadi msimu mwingine. Pigo kubwa lilikuja Machi 2020, serikali ilipopiga marufuku kutoka nje usiku ili kuzuia corona. Amri hiyo iliondolewa Oktoba 20, 2021. Kwa mwaka mmoja na nusu, watu ambao kazi yao ni usiku hawakuwa na usiku.

Mtwapa, mji ulio kaskazini tu mwa Mombasa lakini ndani ya Kaunti ya Kilifi, hautegemei sana kalenda ya Ulaya. Baa na klabu zimejipanga kando ya barabara kuu ya Malindi, na wateja wengi ni Wakenya wanaovuka daraja kutoka Mombasa. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliibandika jina la mbunge John Mututho, iliruhusu baa za kawaida kuuza pombe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku katika siku za kazi. Anayeujua Mtwapa anafahamu kwamba saa tano ndiyo kwanza mji unaamka.

Malindi ina tabia tofauti. Uhusiano wake na Italia ulipata nguvu miaka ya 1960, nchi hiyo ilipojenga kituo cha San Marco huko Ngomeni. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo Aprili 1967. Waitaliano waliokuja baadaye walifungua hoteli, mikahawa na kasino, na hadi leo wachuuzi wa ufuoni huzungumza Kiitaliano bila kukanyaga darasani. Usiku huanza kwa mlo mrefu na hukolea baadaye sana.

Mji wa Kilifi ulikuwa wa kupita tu. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, wasafiri walivuka mkondo kwa feri. Sasa vijana kutoka Nairobi na ng'ambo huufuata kwa ajili ya tamasha la kufunga mwaka, lililojulikana kwanza kama Kilifi New Year na baadaye Beneath the Baobabs, ambapo muziki huchezwa kwa siku kadhaa chini ya mibuyu.

Sherehe yenye mizizi zaidi ni ile ya kumkumbuka Mekatilili wa Menza, ambayo kwa kawaida hufanyika Agosti. Mwanamke huyu wa Kigiriama aliwahamasisha watu wake dhidi ya Waingereza mwaka 1913, na chombo chake kimojawapo kilikuwa ngoma. Alicheza kifudu, ngoma ihusianayo na maombolezo, kijiji baada ya kijiji, watu wakakusanyika, naye akawahutubia. Sanamu yake imesimama mjini Malindi. Mtalii anayeishia kwenye kasino mwezi huo amekosa jambo kubwa lililo karibu naye.

Ngoma ya matanga ina mrithi asiyependwa na wakuu. Disco matanga ni muziki wa vipaza sauti unaopigwa usiku kucha kwenye nyumba ya msiba, waombolezaji wakichangia fedha. Machifu na makamishna wameupiga marufuku zaidi ya mara moja, wakiulaumu kwa mimba za wasichana wa shule, na kila mara umerudi.

Lawama hiyo ina msingi, ila si ya matanga pekee. Ripoti ya UNICEF na serikali ya Kenya ya mwaka 2006 ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wakitumiwa katika biashara ya ngono, na ikabaini kuwa wateja hawakuwa wageni tu. Wakenya walikuwa wengi miongoni mwao. Mwaka huohuo, Sheria ya Makosa ya Kingono iliweka adhabu kali kwa anayemnajisi mtoto wa chini ya miaka 18, awe mtalii au mwenyeji.

Kwa familia iliyofiwa, hata hivyo, hesabu ni nyingine. Kuna ada ya mochari, jeneza, na chakula cha waombolezaji kwa siku kadhaa. Disco ikizimwa, fedha hizo hutafutwa kwa njia nyingine, na mara nyingi ni kwa kukopa.